Kamba Iliyopikwa

Nenda mtaa wa Ufukoni, Mtwara, leo, uliza mpanda miti hodari ni nani, watu watakutajia Nassoro Chilumba, kisha watashusha sauti kana kwamba wanamtaja marehemu. Marehemu gani? Mtu yupo. Anakaa nyumba ya tatu nyuma ya msikiti, anakula, anaswali, anagombana na redio yake. Lakini watu wa mji huu wana haraka. Ukikosa kuonekana kazini mwaka mmoja tu, wameshakuzika na matanga wameshaanua.

Kazi yake ilikuwa kukata miti inayowanyima watu usingizi. Si kufyeka shamba, hiyo kila mtu anaweza. Nasema mti ulioinamia paa la nyumba, au mkwaju uliopitisha matawi juu ya waya wa umeme, mti ambao ukiuangusha kutoka chini kwa shoka utakuwa umeangusha na nyumba ya jirani. Mti wa namna hiyo unapandwa. Unajifunga mkanda kiunoni na mapajani, unaning'inia kwa kamba, unakata kipande kimoja kimoja na kukishusha taratibu mpaka libaki gogo. Nassoro alijifunza kupanda kwenye mikorosho ya baba yake, kijijini huko nyuma ya Nanyamba, na ufundi wa kamba akaupata ukubwani, alipoajiriwa pamoja na rafiki yake Rashidi kusafisha njia za umeme.

Ufundi wenyewe ulikuwa fundo. Unachukua kikamba chembamba, unakizungusha mara tano kwenye kamba kubwa unayoning'inia, unakifunga kwenye mkanda wako. Ukikaa kwa uzito wako fundo linang'ata, husogei. Ukilisukuma kwa vidole linalegea, unashuka. Kwa miaka ishirini na mbili Nassoro alikabidhi roho yake kwa fundo hilo na halikumsaliti hata siku moja. Lina ubaya mmoja tu. Ukilikalia muda mrefu linauma kamba kwa nguvu, na kulilegeza kunataka mikono miwili yenye vidole vizima.

Vidole ndivyo alivyopoteza. Miaka mitatu iliyopita alikuwa mtaa wa Rahaleo juu ya mti wa mkungu, tawi alilofungia kamba lilikuwa limeoza ndani na nje linang'aa, likakatika. Aliangukia banda la kuku. Kuku wawili walikufa, yeye akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, ila vidole vitatu vikagoma kukunja. Kikombe anakishika, kitasa anakifungua, fundo lililouma hawezi. Alijaribu, nani kasema hakujaribu? Alijaribu kwenye mzambarau nyuma ya nyumba yake, akakaa juu nusu saa akivuta fundo kwa mkono mmoja na meno, mpaka mkewe Somoe akaenda kuazima ngazi. Tangu siku hiyo akakaa barazani.

Jamani, kukaa barazani kunachosha kuliko kazi. Alilima muhogo kidogo, akashindwa kuupenda. Simu ilikuwa inaita mara mbili kwa wiki, ikawa mara moja kwa mwezi, kisha ikanyamaza. Watu wenye miti walikuwa wakimpita, wanamsalimia vizuri kabisa, halafu wanakwenda kumtafuta mtu mwingine. Alikuwa na miaka hamsini na moja na alikuwa hajui kitu kingine chochote duniani.

Basi mwaka jana, mwezi wa nane, kikaja kifurushi kwa basi kutoka Dar es Salaam. Rashidi siku hizi anafanya kazi huko na kundi la wakata miti wenye vifaa vya kisasa, na walipopewa vipya yeye akamkumbuka mwenzake. Ndani ya kitambaa kulikuwa na chuma kifupi kuliko kiganja, cha pingili pingili. Kamba inapita katikati ya pingili. Ukikaa kwa uzito wako pingili zinajikunja zinaibana kamba. Ukibonyeza kichwa chake kwa kidole kimoja, zinajinyoosha, kamba inapita, unashuka.

"Kinafanya kazi ya lile fundo, kaka," Rashidi akamwambia kwenye simu. "Kidole kimoja tu. Hata uwe na mkono mmoja, unashuka."

Nassoro aliushika ule mkono wake mbovu akauweka mapajani, akaugeuza-geuza.

"Ila nisikilize vizuri, usinifanyie ukichwa ngumu wako," Rashidi akaendelea. "Chuma hicho hakili kila kamba. Kimeandikwa ubavuni, milimita kumi na moja na nusu mpaka kumi na tatu. Kamba ikiwa nyembamba itateleza, utashuka hujataka. Ikiwa nene itakwama, utataka kushuka usiweze. Na kamba yenyewe iwe ya kupandia, siyo hizo za kufungia mbuzi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Rudia nilichosema."

Akarudia neno kwa neno, mzee mzima, kama yuko madrasa.

Duka la kamba Mtwara ni la mzee Zainulabedin. Familia yake iliuza vifaa vya vyombo vya baharini Mikindani tangu enzi za babu yake, kisha wakahamia mjini. Ana kamba za kila namna ukutani, na ana kile chuma cha mafundi cha kupimia unene, anakitembeza mfukoni mwa shati kama kalamu. Nassoro alikwenda kwake siku nne mfululizo. Mzee Zainulabedin ni mtu mwema. Alimruhusu kuchukua vipande vya pima mbili mbili, ajaribu nyumbani, arudishe.

Majaribio yalifanyikia kwenye mzambarau. Nassoro alijaza gunia la mchanga wa uzito wake, akalining'iniza kwenye chuma, na Somoe ndiye aliyekuwa msaidizi, anavuta, anashikilia, anamwaga mchanga ukizidi. Kwanza walijaribu ile ya plastiki ya buluu. Gunia lilipoteremka kamba ilipata moto, ikalainika na kutoa harufu, na ilipopoa ikawa na ngozi inayometa. Akaitupa kando. Wakajaribu nailoni ya kusokotwa nyuzi tatu, ile ya wavuvi. Hiyo ina matuta, na chuma kikawa kinaruka tuta hadi tuta, gunia linadunda hewani. Ya tatu ilikuwa nyeupe ya kusuka, laini, nzuri machoni, na mzee Zainulabedin aliipima akakuta kumi na mbili kamili. Nassoro alifurahi. Akalitundika gunia, likashuka lenyewe mpaka chini bila kuguswa.

Alishangaa, akairudisha dukani kwa hasira. Mzee Zainulabedin akaifunga kwenye ndoano ya mzani, akaining'inizia mfuko wa saruji, akaipima tena ikiwa imevutwa. Ilikuwa kumi.

"Unaona?" mzee akasema. "Ndani haina kitu. Ukiishika ni nene, ukiipa kazi inakonda."

"Nipe isiyokonda."

"Nassoro, ndugu yangu, wewe unanunua kamba au unaoa? Umezishika zote dukani."

"Mke nilimuona mara mbili nikaoa. Kamba ni jambo zito zaidi."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaingia stoo, akakaa huko muda mrefu, akatoka na rola moja iliyofunikwa vumbi. Kamba nyeupe ya nailoni yenye uzi mmoja mwekundu. Ndani ilikuwa na moyo wa nyuzi zilizonyooka, na juu yake ganda lililosukwa likabana. Alisema ilitoka kwenye meli moja iliyouza vifaa vyake hapa bandarini, haijawahi kutumika, mita arobaini, na hana nyingine. Wakaipima ikiwa imelegea, kumi na mbili. Wakaitundikia mfuko wa saruji, kumi na mbili. Wakaongeza wa pili, ikabaki kumi na mbili pungufu ya unywele.

Nassoro aliuza baiskeli akaichukua.

Siku aliyoipanda ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alirusha kamba kwenye panda ya mzambarau, akavaa mkanda, akatia chuma, akapanda. Alipofika juu akakaa kwa uzito wake wote. Chuma kikabana. Akabonyeza kwa kidole cha mkono wa kulia, na akateremka pole pole, kwa ulaini ambao hakuwahi kuupata hata akiwa kijana. Akaachia, akasimama hewani. Akabonyeza, akashuka tena. Alipogusa ardhi alikuwa analia, na hakujaribu kuficha. Miaka miwili ya baraza ilimtoka machoni.

Somoe alikuwa amesimama pembeni ameuma pindo la kanga. Nassoro akamwambia, "Umeona, mama Zawadi?" Akajibu, "Nimeona." Jibu lake lilikuwa fupi, lakini mtu mwenye furaha hapimi majibu ya mkewe.

Habari za mtu kurudi kazini zinatembea. Kabla ya wiki mbili alipigiwa simu na dada mmoja, Jesca, msimamizi wa majengo ya shule ya bweni iliyoko njia ya Naliendele. Alikuwa na mikwaju kumi na mbili juu ya mabweni, inataka kupunguzwa kabla ya masika, na baada ya hapo kutunzwa kila mwaka. Kila mwaka, umesikia? Kwa mtu aliyekuwa akisubiri simu ilie, hilo lilikuwa ni kupewa maisha mapya.

"Lakini baba, mimi nimesikia ulianguka," Jesca akasema bila kuficha. "Uongozi unaogopa. Njoo Alhamisi saa nne, upande mti mmoja nikuone unapanda na kushuka kwa amani. Ukishuka vizuri, kazi ni yako."

"Nitashuka vizuri," Nassoro akasema.

Sasa tumzungumzie Somoe, maana bila yeye hakuna habari. Somoe ni mtoto wa Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba, baba yake alikuwa fundi wa mashua. Nassoro ni mtu wa bara, wa korosho na mihogo, na mpaka leo hajui kuogelea. Tangu waoane, mambo yote ya maji yalikuwa ya Somoe. Samaki gani ana sumu, upepo gani una mvua, mkondo unavukika saa ngapi, Nassoro haulizi mara mbili. Akisema Somoe imekwisha. Ndivyo walivyoishi miaka ishirini na saba, wakamlea binti yao Zawadi na kumwoza Newala, na hawakugombana kwa jambo hilo hata mara moja.

Jumatatu ya wiki ile, wakila, Somoe akasema, "Baba Zawadi, kamba ile mbichi."

"Mbichi vipi?"

"Kwetu kamba mpya haiendi kazini haijapikwa. Inachemshwa na magome ya mkandaa, inavutwa, inakaushwa. Mbichi inaua."

Nassoro akacheka. "Hii ya mti, mama Zawadi. Siyo ya bahari."

"Kamba ni kamba."

"Haya, fundi," akasema, akavuta sahani. Ndiyo hivyo, akadhani mazungumzo yameisha.

Jumatano alikwenda Naliendele kwa fundi anayemnolea msumeno. Alirudi baada ya alasiri. Kabla hajafika uani alisikia harufu kali ya magome ya mkandaa wa mikokoni. Pipa lilikuwa juu ya mafiga, moto umeshapungua, maji yake mekundu ya kahawia. Na kamba yake, kamba yake nyeupe yenye uzi mwekundu, ilikuwa imefungwa toka mzambarau mpaka nguzo ya jiko, imening'inizwa jiwe katikati, inachuruzika, rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Somoe alikuwa amesimama pale, mikono imeiva wekundu mpaka viwikoni.

"Nimekupikia," akasema.

Wewe ungesema nini? Nikuulize kweli. Mwanamke amekwenda mikokoni peke yake asubuhi, amechuna magome, amebeba kichwani, amechanja kuni, amechemsha tangu adhuhuri kwa ajili ya roho yako. Neno baya lilimjia Nassoro mpaka mdomoni, akalimeza. Akasema, "Ahsante, mama Zawadi." Kisha akaingia ndani akakaa kitandani na kofia yake kichwani.

Asubuhi kamba ilikuwa imekauka. Imepungua urefu karibu mita tatu, na urefu ule haukwenda mbali, umeingia kwenye unene. Ilikuwa imekakamaa, ukiikunja inakataa. Akaitia kwenye chuma, ikaingia kwa kusukumwa. Akapiga simu Dar.

"Unene wake sasa?" Rashidi akauliza.

"Sina kipimo. Imejaa kwenye tundu."

"Usipande."

"Rashidi, ni leo saa nne."

"Nakwambia usipande, kaka. Mwombe huyo mama akupe siku nyingine."

Akampigia Jesca. Jesca alisikitika, si mtu mbaya, lakini akasema kuna kundi kutoka Masasi linakuja kesho yake kutazama miti hiyo hiyo, na uongozi umeshamwambia jibu la Nassoro litolewe leo, kabla hao hawajafika. Akampigia mzee Zainulabedin. Kamba nyingine kama ile ingeagizwa Dar, wiki tatu, Mungu akipenda. Mzee akamuuliza ile imepatwa na nini. Nassoro akaona haya kulitaja jina la mkewe dukani kwa watu, akasema tu imelowa. Angesema kweli, mzee yule aliyezaliwa kwenye kamba angemfumbua macho pale pale. Hakusema.

Alichukua kamba, akaitia begani. Somoe alikuwa mlangoni. Alitazama ile kamba begani kwake. "Inaingia?" akauliza.

"Inaingia," Nassoro akasema, na akaondoka. Somoe akatoka nje akamwita jina lake, Nassoro, jina ambalo hakuwahi kumwita mbele ya watu tangu azae. Yeye akadhani anamwombea heri tu. Akapunga mkono akaendelea na safari.

Mkwaju aliochaguliwa ulikuwa wa nne kutoka geti, mkubwa, umelala nusu juu ya bweni. Jesca alisimama na daftari, walinzi wawili wakakaa kivulini. Nassoro akarusha kamba, ikapita panda ya kwanza. Akavaa mkanda. Akatia chuma kwa kusukuma, akasema bismillahi, akaanza.

Kupanda kulikuwa mateso tangu hatua ya kwanza. Chuma kilitakiwa kisogee juu chenyewe kila anapojiinua, lakini kamba ilikuwa nene, hakisogei mpaka akivute kwa mkono. Anajiinua, anakivuta, anajiinua, anakivuta. Jasho lilimwingia machoni. Zamani alikuwa anapanda mti wa namna ile huku akipiga soga na walio chini. Sasa hakuna aliyezungumza. Hata hivyo akafika kwenye panda, mita tisa hivi. Jesca akaandika kitu kwenye daftari. Nassoro alimwona akiandika, na moyo wake ulipata tumaini, ndiyo, nitasema kweli, kwa muda wa pumzi tatu alikuwa na tumaini.

"Shuka sasa baba, nikuone," Jesca akasema.

Akakaa kwa uzito wake wote. Pingili zikajikunja zikaiuma kamba. Akabonyeza kwa kidole. Kimya. Akabonyeza kwa kiganja. Akabonyeza kwa uzito wa bega. Chuma kilikuwa kimeingia kwenye ile kamba iliyovimba na hakikuwa na nafasi ya kujinyoosha. Akajaribu kujiinua apunguze uzito, lakini kwa kujiinua ulitakiwa mkono wa kushoto uishike kamba ya juu, na mkono wa kushoto ukashika, ukateleza, ukashika, ukateleza. Mara ya tatu alirudi chini kwa kishindo, kamba ikalia, tawi likatikisika, mmoja wa walinzi akainuka.

Alining'inia pale robo tatu ya saa. Mkanda ulimkata mapaja mpaka miguu ikafa ganzi. Wanafunzi walitoka madarasani kwa mapumziko wakaja kutazama, na mwalimu akawafukuza, na wakarudi. Hakuna aliyemcheka. Angependa wangemcheka. Mwishowe ilipatikana ngazi ndefu ya mafundi wa paa, ikaegemezwa, Nassoro akaweka miguu asiyoihisi kwenye vipandio, mlinzi mmoja akapanda mpaka alipo, na kwa kuwa chuma hakikutoka, akaikata kamba kwa kisu.

Jesca alimletea maji na kiti. Alikaa naye. Alisema, "Baba, nisamehe. Siwezi." Nassoro akasema, "Najua, dada."

Alirudi kwa miguu. Njiani alipanga la kumwambia Somoe. Hakutaka ajue. Angesema kamba ilikuwa imara, alishuka vizuri, ila uongozi umewapenda wale wa Masasi. Alilirudia jambo hilo njia nzima, maana uongo haukuwa kazi yake, mpaka likakaa sawa mdomoni.

Somoe alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, hana kazi mkononi, hana chungu motoni. Alipomwona akasimama haraka, akaja akamshika mabega, akashuka mikono, akampapasa mbavu, kisha akarudi kumtazama usoni.

"Kamba yako imara," Nassoro akasema. "Nimeshuka vizuri. Ila wamewapa wa Masasi."

"Ulipanda?"

"Nilipanda."

"Kwa ile?"

"Kwa ile, mama Zawadi. Nyingine ninayo?"

Somoe akakaa chini palepale kwenye mchanga, si kwenye mkeka.

"Nailoni haipikwi," akasema.

Nassoro hakuelewa. Akamwambia arudie.

"Nailoni haipikwi, baba Zawadi. Baba yangu alipika kamba za katani na za makumbi ya nazi. Nailoni ukiichemsha inavimba na kufupika, kila mtoto wa Msangamkuu anajua. Nilijua. Niliipika ivimbe." Alizungumza haraka, macho yake chini. "Nilisema utaitia kwenye kile chuma, utaona haifai, utanitukana, utabaki nyumbani. Ungenitukana mpaka mwisho wa dunia, ningekubali. Nilikuita uliponipita asubuhi. Nilikuita, hukurudi."

Basi uongo wake wa njia nzima haukuwa na kazi tena. Akamwambia kweli. Akamwambia robo tatu ya saa, na ngazi, na wanafunzi, na kisu. Somoe alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mikono ile ambayo magome yalikuwa bado hayajatoka kwenye kucha.

Hasira ilimjia Nassoro, na ilikuwa haki yake. "Kama ungekuwa hutaki nipande, kwa nini hukusema?"

"Nimesema miaka miwili. Kila nikisema unaniambia niweke chai."

Alitaka kukataa, akakumbuka kwamba ni kweli. Akakaa naye mchangani. Hapakuwa na tofauti tena ya kukaa hapo au barazani.

"Uliiona kwamba haifai," Somoe akasema baadaye. "Uliishika, wewe unaijua kamba kuliko mimi. Rashidi alikukataza, nilisikia. Mbona ulipanda?"

"Niliona umekwenda mikokoni peke yako," Nassoro akasema. "Nikaona mikono yako. Niliona aibu kukuambia umeniharibia. Ndiyo maana nikapanda nayo."

Adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Hawakuinuka.